Puto la Pwani, Wingu la Ivuna

Katika mwigo wa wingu la Ivuna, ambalo wasomaji wa safu hii wamelitazama likikua kiwamboni hata likagota kwenye tropopozi, hesabu ya hewa ya pembeni inayovutwa ndani ya wingu ilifanywa kwa ustadi, na hilo nalitamka mara moja ili nipate wasaa wa kusema lililoharibika. Nalo ni uamuzi mmoja, uliokatwa kabla hesabu haijaanza, wa kuilisha modeli vipimo vya puto lililorushwa Dar es Salaam saa 9 usiku.

Baina ya Ivuna na Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 700, na umbali huo ni udhia mdogo kuliko kimo. Puto la pwani huanza safari yake karibu na usawa wa bahari, ilhali Ivuna, ndani ya bonde la Rukwa, imekaa kiasi cha mita 800 na zaidi juu ya usawa huo. Kwa hiyo sehemu ya mwanzo ya kipimo, yenye mvuke mwingi wa bahari ambao ndio chakula cha wingu, kwa Ivuna iko chini ya ardhi. Mwenye kuikata hubakiwa na hewa ya usiku iliyokuwa ikielea juu ya Dar es Salaam pasipo kuguswa na udongo wowote, akaiita hewa ya ardhini. Mwenye kuipandisha yote ili ikae juu ya ardhi ya Ivuna, kama ilivyofanywa hapa, huwapa watu wa Ivuna bahari wasiyokuwa nayo. Ni kumpima homa mgonjwa wa Ivuna kwa kipimajoto kilichotiwa kwapani mwa mtu wa Kariakoo.

Taksiri hiyo ina bei yake. Kila nyuzi 1 inayoongezeka baina ya joto la hewa na kiwango chake cha umande hupandisha kitako cha wingu takriban mita 125. Ukikosea nyuzi 4, kitako kimehama nusu kilomita, na nishati ya mwinuko imekwenda nacho. Saa nayo haikuchaguliwa kwa busara, maana mawingu ya Rukwa huota alasiri, jua likiisha kulichoma bonde na upepo kupanda kuta zake. Zaidi ya hayo, katika miezi ya mvua hewa ya kusini-magharibi aghalabu hutoka upande wa Kongo, wakati pwani inapepewa na Kaskazi: nasaba mbili.

Nimekwisha kulalamika humu, na nitalalamika tena, kwamba tangu tefigramu, mchoro wa joto na unyevu wa hewa kwa kimo, iache kuchorwa kwa penseli watu hawaoni wanachokiinua. Mchoraji wa zamani alilazimika kuanza mstari wake kwenye kanieneo ya mahali, kiasi cha hektopaskali 920 kwa Ivuna, na pale pale mkono ungekataa.

Wakongwe walikuwa na insafu. Byers na Braham, walipochunguza mawingu ya radi Florida mwaka 1946 na Ohio mwaka uliofuata, walirusha maputo papo hapo penye mawingu. D. A. Davies, mkuu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, alipojaribu kuchochea mvua mwanzoni mwa miaka ya 1950, maputo yaliyobeba baruti na chumvi yalirushwa Kongwa kwenyewe, yakalipuke kwenye mawingu ya Kongwa. (Chumvi Ivuna inayo tangu kale, lakini wageni huijua kwa jiwe lililoanguka kutoka angani Desemba 1938, na hewa lililopita hawaiulizi.) Waweza kubisha juu ya mvua ya Davies, nami nabisha, ila hakulipua wingu la Dar es Salaam akahesabu matone ya Kongwa.

Asiye na fedha ya puto na achukue kipimajoto kikavu na chenye utambi, asome Ivuna saa 8 mchana, abadilishe kwa masomo hayo tabaka lote lililochanganywa na jua, na puto la pwani aliachie joto la juu ya hektopaskali 500, ambalo katika tropiki halitofautiani sana baina ya mahali na mahali. Mvuke wa huko juu asiuazime. Kisha modeli iendeshwe upya, na kitako cha wingu itakachotoa kilinganishwe na kitako kinachoonekana kikigusa ukuta wa bonde, ambao kimo chake kimeandikwa kwenye ramani.