Wembe wa Kifungu cha 7
Tangu makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wa madini, yazuiwe Dar es Salaam mwaka 2017, wengi wanakumbuka ripoti za maprofesa Mruma na Osoro kuyahusu. Mimi sijaondoka kwenye kifungu cha 7 cha Sheria ya Masharti Hasi katika mikataba ya maliasili, iliyopitishwa mwaka huohuo: mwekezaji akikataa kujadiliana, au mazungumzo yakikwama, sharti hasi linahesabika limefutwa. Kufuta si kosa. Sheria ya mikataba nayo hukata kilicho batili, kilicho halali kikabaki. Ila mkataji makini huuliza kwanza kama kinachobaki kilikuwa kimeegemea kinachoondoka, na kifungu cha 7 hakiulizi, wala hakisemi pengo litazibwa na nini. Kifungu cha 6 ndicho kilichoharibu zaidi, kwa kutia kapu moja masharti yanayowanyima Watanzania faida na sharti la kupeleka mgogoro nje ya nchi. Yale ya kwanza ni bei. Hili la pili ni mahali pa kuidai bei. Badili mrabaha wa mgodi wa Bulyanhulu, mkataba utatembea. Ng'oa baraza la usuluhishi, hata ahadi nzuri zilizobaki zitadaiwa wapi?

Mtasema nchi huru haipaswi kujieleza mbele ya wageni. Hoja ina uzito, lakini wembe wa kifungu cha 7 haukuukata mlango wa kupeleka migogoro nje. Julai 2017 kampuni za migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na Geita zilifungua madai ya usuluhishi. Kampuni ya Indiana Resources, iliyopewa tuzo ya zaidi ya dola milioni 109 mwaka 2023, ilipita kwenye mkataba wa uwekezaji baina yetu na Uingereza, ambao kifungu cha 7 hakiugusi. Na suluhu ya serikali na kampuni ya Barrick iliyosainiwa Januari 2020, pamoja na dola milioni 300, hisa asilimia 16 na kampuni ya ubia ya Twiga, ilibeba utaratibu wa kimataifa wa kutatua migogoro. Tulichokiita hasi tumekirudisha wenyewe.

Kabla ya wembe huo, njia ya mazungumzo ilishafanya kazi. Jaji Bomani alikabidhiwa kamati ya kupitia sekta ya madini mwaka 2007. Baada ya ripoti yake, Sheria ya Madini ya 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, na mwaka 2012 kampuni ya African Barrick ikakubali kuulipa kwa mazungumzo. Asilimia moja ni ndogo, naam, lakini hakuna kontena lililolala bandarini kwa ajili yake.