Nyota Auzwe Lini? Hesabu ya Miezi Sita ya Mwisho

Kila mwaka kuna timu za mpira wa vikapu kule NBA zinazojikuta na nyota ambaye mkataba wake unaelekea ukingoni na hajasema kama atabaki. Wamtoe sasa wapate chochote, au wamshike wakiomba asaini? Oklahoma City walimshika Kevin Durant. Julai 2016 akaenda Golden State na wao wakabaki mikono mitupu. Mwaka uliofuata Paul George aliwaambia Indiana kwamba 2018 ataondoka. Indiana hawakungoja. Walimpeleka Oklahoma City, wakapewa Victor Oladipo na Domantas Sabonis, na Sabonis baadaye wakambadilisha wakampata Tyrese Haliburton. Oklahoma City nao walimtoa George kwa Clippers mwaka 2019, wakapata Shai Gilgeous-Alexander na haki za kuchagua chipukizi. Fainali ya 2025 ikawa Indiana ya Haliburton dhidi ya Oklahoma City ya Gilgeous-Alexander. Nyota wa pande zote mbili walitokana na mtu mmoja aliyetolewa kabla mkataba wake haujaisha.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya swali hili huja kwa jezi za soka. Mwaka 2018, msimu ukiwa katikati, straika Elvis Rupia alihama Nzoia Sugar ya Bungoma kwenda Power Dynamos ya Kitwe, Zambia. Na hakuwa hata amefika kilele chake. Msimu wa 2022/23, akiwa na Kenya Police, alifunga mabao 27 na kuvunja rekodi ya mabao 26 ya Maurice Ochieng "Sonyi", iliyokuwa imesimama tangu 1976. Anayetazama mabao hayo peke yake atasema mchezaji kama huyo hafai kuachiliwa hata siku moja. Mimi sikubaliani. Klabu iliyoegemea kiwanda cha sukari chenye madeni haina nguvu ya kumshika mfungaji anayetakiwa nje ya nchi. Inachoweza kuchagua ni siku ya kumtoa na masharti ya kumtoa, na hapo ndipo viongozi wetu wengi hushindwa.

Kanuni za FIFA ziko wazi. Mkataba ukibakiza miezi sita au chini ya hapo, mchezaji ana ruhusa ya kusaini na klabu nyingine bila klabu yake kulipwa ada ya uhamisho, ataondoka tu muda ukiisha. Kwa hiyo bei ya mchezaji haishuki taratibu mpaka siku ya mwisho. Huanza kuteremka ukibaki mwaka mmoja na nusu, na mnunuzi akijua kwamba baada ya miezi michache atampata bure, hana sababu ya kufungua pochi.

Tazama Victor Wanyama. Celtic walimnunua 2011 kutoka Beerschot ya Ubelgiji kwa pauni 900,000. Walipomwekea mezani mkataba mpya akakataa, hawakubembeleza mpaka mwisho. Julai 2013, akiwa bado na miaka miwili ya mkataba, walimuuza Southampton kwa pauni milioni 12.5. Southampton nao walimuuza Tottenham mwaka 2016 kwa pauni milioni 11, mkataba ukiwa umebakiza mwaka mmoja. Wakati huo alikuwa anakaribia kutimiza miaka 25, ana misimu mitatu ya Ligi Kuu ya Uingereza, kiungo aliyekomaa kuliko yule wa Celtic, ilhali bei ilikuwa chini. Kadi nyekundu tatu alizopata msimu wake wa mwisho Southampton huenda zilichangia. Ila kilichombana zaidi muuzaji, kwa maoni yangu, ni kalenda.

Tanzania wametupa mifano miwili iliyokaa bega kwa bega. Mwaka 2021 Simba walimuuza Clatous Chama RS Berkane ya Morocco, Januari 2022 wakamrudisha, kisha mkataba wake ukaachwa uishe. Julai 2024 alivaa jezi ya Yanga, mahasimu wao wa jadi, na Simba hawakupata ada. Majira hayo hayo Yanga walikuwa na Stephane Aziz Ki, aliyemaliza ligi na mabao 21, naye mkataba ukiwa umefika mwisho. Wao walipambana wakamwongezea mkataba kwanza. Mwaka 2025 wakamuuza Wydad Casablanca. Huo ndio ufundi ninaotaka Bungoma na Kitale wauige: ongeza mkataba, halafu uza. Mchezaji anapata mshahara bora kwa mwaka mmoja, klabu inapata kitu cha kuuza, na mnunuzi anakaa mezani kama mnunuzi, si kama mtu anayesubiri embe lianguke.

Yapo mazingira ya kumshika. Kule NBA, Toronto walimchukua Kawhi Leonard 2018 wakijua wana mwaka mmoja tu naye, wakatwaa ubingwa 2019, akaondoka bure, na hakuna anayewalaumu. Timu iliyo karibu na kombe inaweza kulipa gharama hiyo. Inayopigania kubaki ligini, hapana.

Kuna jambo linalozungumzwa kidogo sana huku, nalo kwangu ni zito kuliko yote. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25, na kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Katika ada kama ile ya pauni milioni 12.5, klabu ya mtaani iliyokaa na kijana misimu minne ya mwanzo ingestahili pauni 125,000. Akiondoka bure, asilimia 5 ya sifuri ni sifuri.

Fungu hilo hulipwa klabu iliyomsajili kijana rasmi. Trans Nzoia imejaa vipaji vinavyokulia shuleni: St Anthony's na St Joseph's kwa wavulana, Wiyeta kwa wasichana. Shule ina kocha, ina uwanja, ina kombe kabatini, lakini kama kijana hakuwahi kuandikishwa katika klabu iliyo chini ya shirikisho la soka, miaka hiyo haina mwenyewe kwenye rekodi zake.

Kwa wasichana mlango ni mwembamba zaidi. Jentrix Shikangwa alitoka Wiyeta akapita Vihiga Queens na Uturuki kabla ya kuwa mfungaji wa kutegemewa wa Simba Queens. Fidia ya mafunzo, ile ambayo klabu huweza kudai hata mchezaji akiondoka bure, haihusu soka la wanawake kabisa. Aliyemlea binti hana pa kutegemea isipokuwa ada ya uhamisho. Kwa hiyo klabu ya wanawake ya Kitale au Bungoma inayompa mfungaji wake mkataba wa msimu mmoja mmoja inajifungia mlango huo kila mwaka. Impe miaka mitatu, iandikishe jina lake shirikisho akiwa bado darasani, na mwaka wa pili ukianza iwe tayari imeamua: anaongezewa au anauzwa.