Namna ya Kupima Chokoleti Maonyeshoni Paris

Kila msimu wa vuli, kumbi za Porte de Versailles jijini Paris hufunguliwa kwa Salon du Chocolat, maonyesho yaliyoanza miaka ya 1990. Wengi hukimbilia jukwaani kutazama magauni yaliyopambwa kwa chokoleti. Yanapendeza kweli, lakini ubora wa chokoleti huanzia mbali na jukwaa hilo. Huanzia shambani, na ulimi wako unaweza kuutambua.

Nenda asubuhi, usijipake manukato, na ubebe maji ya kusukutua kinywa. Onja chokoleti nyeusi tupu. Karanga, karameli na matunda hufunika kasoro nyingi.

Tazama kwanza. Uso uwe laini, wenye kung'aa. Siagi ya kakao huganda kwa maumbo 6 ya fuwele, na ni moja tu linaloleta mng'ao na ugumu unaotakiwa. Fundi hulipata kwa kupasha na kupoza chokoleti kwa vipimo makini. Utando wa kijivu haudhuru afya, ila hueleza kwamba fundi alikosea vipimo au chokoleti ilihifadhiwa penye joto. Kisha vunja: usikie mlio mkavu. Inayopinda ina walakini.

Nusa. Harufu ya moshi hutokana mara nyingi na mbegu zilizokaushwa kwa moto wa kuni. Harufu ya ukungu ni ya mbegu zilizowekwa na unyevu. Vanila ikitangulia kakao puani, jiulize inaficha nini.

Sasa weka kipande ulimini, wala usitafune. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, kwa hiyo kinywa kitafanya kazi yenyewe. Kusiwe na chengachenga wala utando wa mafuta kaakaani. Uchungu si kasoro. Kinachohitaji tahadhari ni ukakasi, ule unaokausha mashavu kama ndizi mbichi. Mara nyingi huo ni ushahidi kwamba mbegu hazikuchachuka vya kutosha. Mkulima huzifunika mbegu pamoja na ute wake mweupe, kwenye masanduku ya mbao au chini ya majani ya migomba, kwa siku 5 hadi 7 hivi, akizigeuza. Ladha ya matunda, maua au asali utakayoisifu Paris hupata msingi wake humo. Ikikosekana humo, hakuna fundi wa kuirudisha.

Usidanganywe na asilimia. 70 ni uzito wa kakao, si cheti cha ubora. Soma viambato pia: Umoja wa Ulaya huruhusu hadi asilimia 5 ya mafuta mengine ya mimea, na chokoleti ya hadhi haiyahitaji.

Mwishoni, muulize muuzaji: mbegu zimetoka wapi, na nani alizichachusha? Mjuzi hutaja bonde na watu. Kampuni ya chokoleti ya Dandelion ya San Francisco, kwa mfano, huandika kwenye chokoleti yake jina la Kokoa Kamili, wanaonunua kakao mbichi kwa wakulima wa Kilombero, Tanzania, na kuichachusha wenyewe. Kazi hiyo ndiyo unayoilipia, na inastahili bei. Anayejibu "Afrika" tu, mshukuru na uende meza inayofuata.