Pongezi kwa Walimu wa Kamera wa Johannesburg

Mwaka 1989, ubaguzi wa rangi ukiwa bado ni sheria Afrika Kusini, mpiga picha David Goldblatt alianzisha shule ya upigaji picha ya Market Photo Workshop jijini Johannesburg. Ilipokea wanafunzi wa rangi zote, wakiwemo vijana Weusi ambao nafasi za kujifunza fani hiyo zilikuwa adimu mno kwao.

Kumfundisha anayeanza ni kazi ya subira. Mwanagenzi hudhani kamera ndiyo inayopiga picha. Mwalimu humwonyesha jinsi ya kupima mwanga, kusubiri, kumsogelea mtu kwa adabu na kumwomba ruhusa. Siku picha yake ya kwanza inapojitokeza taratibu kwenye karatasi, ndani ya chumba cha giza, furaha huwa ya wote wawili.

Na matunda yameonekana. Jodi Bieber, aliyesoma Market Photo Workshop, alitwaa tuzo kuu ya mwaka 2010 ya shindano la picha za habari la World Press Photo. Zanele Muholi alihitimu hapo mwaka 2003. Mwaka 2020 picha zake zilitundikwa katika jumba la sanaa la Tate Modern, London.

Muholi naye sasa ni mwalimu, akiwapa vijana kamera wasimulie maisha yao wenyewe. Hongera kwa walimu hawa wote!