Kamĩrĩĩthũ: Hadhira kama Mtunzi

Mhakiki anayeishika Ngaahika Ndeenda kama kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ tu huiacha nje sehemu kubwa ya fani yake. Huko Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi usio na paa, wakafanya mazoezi hadharani, nao watazamaji wakasahihisha lugha na uigizaji kabla ya onyesho la kwanza. Hadhira, basi, ilikuwa mtunzi mwenza. Kibali cha maonyesho kilifutwa Novemba 1977. Mwaka 1982 polisi waliubomoa ukumbi wenyewe. Tamthilia tayari ilikuwa imechapishwa. Yaelekea wabomoaji walitambua lile ambalo uhakiki wa maandishi pekee haulioni: ujaribiaji wa Kamĩrĩĩthũ ulikaa mahali pale, miongoni mwa watu wale.