Zile Zisizouzwa: Namna ya Kupima Pamu za Muuza Miche wa Nanyuki

Ukiingia kwenye kitalu chochote cha barabarani Nanyuki, utaoneshwa kwanza zilizo mbele: safu za karatasi nyeusi, udongo umemwagiwa maji asubuhi hiyo hiyo, makuti yamepanguswa vumbi. Usizitazame sana. Msalimie mwenyewe, muulize habari za mvua, kisha umwombe akupeleke nyuma ya nyumba. Huko ndiko anakoweka pamu zake mwenyewe, zile ambazo hata ukitoa pochi hakuuzii, na huko ndiko utakakojua kama ni mkulima au ni mchuuzi.

Nasema pamu kwa sababu ndivyo wasemavyo wauza miche. Kiswahili kimezipa majina zile tulizokaa nazo, moja moja: mnazi, mtende, mkindu, mkoma, mvumo, mwale, mpopoo, mchikichi. Ukoo mzima una aina zipatazo 2,600, na kwa hizo nyingine zote jina la kukopa linatosha.

Kipimo cha kwanza ni mahali. Nanyuki iko mita 1,900 na ushei juu ya usawa wa bahari, ikweta inapita papo hapo, na Mlima Kenya unateremsha baridi yake kila usiku. Mchana jua linachoma. Alfajiri ya Januari unatafuta koti. Hakuna majira ya baridi kama ya Ulaya, wala hakuna usiku wa joto kama wa Malindi. Pamu ambayo kwao ni ufukweni haina raha hapa hata usiku mmoja. Mnazi utaota kwenye karatasi, utatoa makuti mawili matatu, utadumaa, utakufa. Nikiukuta umewekwa mahali pa heshima, najua mwenye nyumba anapenda kusifiwa kuliko kukuza. Zinazopapenda hapa ni nyingine: tende ya Kanari yenye shina kama pipa, Washingtonia, Trachycarpus ya China iliyovaa nyuzi kama manyoya, Butia ya Amerika Kusini yenye makuti ya kijivu yaliyopinda, Livistona ya Australia. Hazimshangazi mtu, lakini mkusanyiko wa nyanda za juu usio na hizi umejengwa hewani.

Sasa shina. Hapa chukua muda wako. Mwerezi au mkaratusi hunenepa kila mwaka, na ukiujeruhi gome, kidonda hujifunika polepole. Pamu haina tabaka hilo la kunenepesha na kuponya. Shina lake hupewa unene na kichwa, huko juu, mara moja tu, likishatoka halirudiwi. Msumari ukipigwa leo, tundu lake litakuwapo pamu ikiwa na miaka hamsini. Na mwaka wa njaa haufutiki: kichwa kilikosa maji kikatoa shina jembamba, mvua ziliporudi kikatoa nene tena, na katikati pakabaki kiuno.

Langoni kwangu pana Syagrus, ile ambayo wauzaji huiita kwini, yenye kiuno kama cha nyigu usawa wa bega langu. Kiuno hicho ni cha ule ukame wa misimu mitano mfululizo, ulioanza mwisho wa 2020. Maji ya bomba yalikuja kwa zamu, nami nikayapeleka kwenye sukuma wiki. Sijutii sukuma wiki. Lakini kila mgeni anayejua pamu akifika pale hutazama kiuno kile, kisha hunitazama mimi.

Basi ukiwa nyuma ya nyumba ya muuzaji, simama hatua kumi mbali, ufuate shina kwa macho kutoka chini hadi juu. Unatafuta mstari usiosita. Pamu iliyoachwa miaka kwenye karatasi ndogo ikisubiri mnunuzi, halafu ikapandwa ardhini, hupata umbo la chupa iliyopinduliwa: chini pembamba, juu panene. Mwenyewe anaweza kukuambia ni aina adimu. Siyo. Ni mche uliolala njaa. Pamu ya chupa ya kweli, Hyophorbe lagenicaulis ya visiwa vya Maskarini, hunenepa chini na kukonda juu.

Wanunuzi wengi huponzwa na haraka ya kuona shina. Pamu changa hutumia miaka yake ya kwanza kupanua kitako chake kabla haijapanda hata inchi moja. Tende ya Kanari iliyotunzwa vizuri huonekana kwa miaka kadhaa kama kichaka kilichokaa chini, haina shina la kuonesha mtu, na mteja huipita akaenda kuchagua ile iliyorefuka kama fimbo. Muuzaji anayejua kazi humwachia fimbo yake, na ile iliyokaa chini huipeleka nyuma.

Makuti huweza kudanganya, shina haliwezi. Ndiyo maana nimeanza na shina. Udanganyifu mkubwa ni wa panga. Pamu ikikosa potasiamu huyanyonya makuti yake makuukuu, yakapata madoadoa ya rangi ya chungwa na ncha zikakauka. Ikikosa magnesiamu, ukingo wa kuti kuukuu hugeuka manjano ya limau na katikati pakabaki kijani. Tende ya Kanari huonesha hili waziwazi. Muuzaji asiyetaka maswali huyakata yote ya chini, kichwa kikabaki kama ufagio uliosimamishwa. Mteja huiona safi. Kumbe pamu imezidishiwa njaa, kwa sababu yale makuukuu yalikuwa ghala lake. Angalia vikonyo vilivyokatwa. Vikiwa vingi na vibichi, na kuti la chini kabisa lililobaki limeelekea juu, umefika siku moja baada ya panga. Pamu iliyotunzwa makuti yake hushuka hadi yakalala sawa na upeo wa macho, na hayo ya chini bado ni ya kijani. Kwenye kwini angalia na makuti mapya pia: yakitoka mafupi, yamesinyaa na kujikunja kama yaliyopitishwa motoni, hiyo ni njaa ya manganizi, na hiyo huua.

Kisha kuna kuti la katikati, lile lililofumba kama mkuki. Lishike kwa vidole viwili, ulivute kidogo, kwa adabu, mwenyewe akiona. Lisipotikisika, sawa. Likichomoka mkononi na chini yake pana uozo unaonuka, shaha, ule moyo wa kichwa, limekufa, na pamu ya shina moja haina shaha la pili. Makuti mengine yatabaki kijani kwa miezi, na hiyo ndiyo miezi ambayo pamu kama hiyo huuzwa.

Tuje kwenye majina. Mkusanyiko wa anayejua una vibao, au daftari, au mzee mwenye kukumbuka mbegu ilitoka kwa nani na mwaka gani. Sokoni ni vurugu tupu. Ile yenye mabua mengi ya manjano inayouzwa kwa jina la areka ni ya Madagaska. Areka hasa ni mpopoo, wenye popoo zitafunwazo na tambuu Zanzibar na Mombasa. Ile iitwayo ya msafiri, inayojipanga kama upepeo mkubwa, ina undugu na mgomba kuliko na mnazi. Na ile ya sago ni saikadi, mmea wa koni, si pamu hata kidogo. Muuzaji akizichanganya mbele simlaumu. Mteja ndiye aliyezitaka kwa majina hayo. Akizichanganya nyuma ya nyumba, naaga.

Kwa kuwa tumezitaja saikadi: ukiikuta ya Kenya yenye shina nene la miaka mingi, uliza karatasi zake. Encephalartos tegulaneus huota kwenye milima ya Mathews huko Samburu, si mbali sana na hapa, na jenasi yote imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mche uliooteshwa kwa mbegu ni fahari ya mwenyewe. Shina kuukuu lisilo na historia huwa limeng'olewa mahali, na aliye nalo hastahili sifa hata kama amelipamba kwa mawe meupe.

Mitende na mikindu ina aibu yake nyingine. Dume na jike ni miti mbalimbali, na jamaa hii haichagui mchumba. Tende ya Kanari jike ikiwa na mkindu jirani hutoa mbegu zinazoota bila shida, miche ikakua haraka, ikauzwa kama Kanari. Kanari halisi haitoi maotea shinani. Ukiona vichipukizi vinachungulia pembeni, baba si Mkanari. Watoto wa namna hii si wabaya, wengine hupendeza kuliko wazazi. Ubaya uko kwenye jina. Muulize mwenye kitalu: dume liko wapi? Anayejua ananyoosha kidole.

Upande wa barabara ya Timau nilizungushwa na mzee mmoja ambaye mbele ana kila kinachouzika, pamoja na waridi na ua la nyasi. Nyuma ya tangi la maji palisimamishwa kipande cha paipu la maji taka, la inchi sita, limefungwa kwa waya kwenye nguzo, urefu wake unapita kiuno cha mtu. Juu yake kulitokeza kuti moja gumu, limejikunja kama upepeo uliofungwa, na pembeni yake jingine limekauka ncha. Mkoma.

Mkoma ndio ile pamu yenye matawi uionayo kando ya Ewaso Ng'iro ukishuka kupitia Isiolo hadi Archers Post, kwenye joto, ambako tembo hula makoma na kuzitawanya mbegu. Mbegu yake haitoi kuti kwanza. Huteremsha kitu kama kamba nene, kikazama ardhini kufuata unyevu, na mche wenyewe huanzia huko chini. Ukiipanda kwenye karatasi ya kawaida, kamba hugonga kitako cha karatasi na kujikunja, na mche huanza maisha ukiwa kiwete. Ndiyo sababu ya paipu.

"Mzee, hii ni pesa ngapi?" niliuliza, na jibu nalijua.

"Hiyo si ya kuuza, kijana wangu. Hiyo naitazama tu."

"Na hii baridi?"

"Baridi inaichelewesha, haijaiua." Akagonga paipu kwa ukucha. "Mwaka wa tatu huu. Makuti mawili."

Nikamwuliza zipi zimekufa. Ni swali ninalolipenda kuliko yote, na wengi hulikwepa. Yeye alihesabu kwa vidole: ile ya Malesia yenye shingo nyekundu, mara mbili; mpapindi wa Pemba, mbegu ziliota lakini miche haikuvuka Julai; mnazi, "wa kumridhisha mama watoto." Kila marehemu na sababu yake. Hapo nilianza kumwamini hata kwa zile za mbele.

Kuhusu adimu nitasema kidogo, maana ndiko wanaoanza humaliza fedha. Adimu inayofaa Nanyuki hutafutwa kwenye milima ya ikweta, si kwenye visiwa vya joto. Ceroxylon quindiuense, mti wa taifa wa Kolombia tangu 1985 na mrefu kuliko pamu zote duniani, huota kwenye mabonde ya ukungu ya Andes kati ya mita 2,000 na 3,000. Parajubaea cocoides imepandwa mjini Quito, inazaa vijinazi vidogo vya kuliwa. Zote mbili zimezoea usiku wa baridi usio na majira. Ukiikuta mojawapo Nanyuki ikiwa na afya, kaa chini uombe chai, hutaondoka mapema. Lakini jina peke yake silipi alama. Aina kumi na mbili zilizofikia kuzaa, mbegu zake zikaokotwa chini zikiwa mbichi na kuoteshwa kwa ajili ya kule mbele, naziweka juu ya aina sitini zilizobanana kwenye karatasi chini ya neti. Na iliyotoka nje ya nchi iwe imepitia KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea. Fukusi mwekundu, aliyeivamia mitende ya Ghuba tangu miaka ya 1980, husafiri ndani ya shina, na kwa macho humwoni.

Chagua mwezi wa kwenda. Nenda mwisho wa Februari, mito ya Nanyuki na Likii ikiwa imepungua na maji yanagawiwa kwa zamu, ufike asubuhi kabla mwenyewe hajashika ndoo. Wakati huo utaona ni ipi iliyopewa maji ya mwisho na ni ipi iliyoachwa. Mwezi wa Mei kila kitalu cha Nanyuki ni kizuri.