Mabao Mawili, Mechi 142

Andika jina la Lilian Thuram kwenye YouTube uone utaletewa nini. Mimi nililetewa mabao mawili, yale yale, yamepakiwa na watu tofauti na kuwekewa muziki tofauti. Ni ya tarehe 8 Julai 1998, nusu fainali ya Kombe la Dunia pale Stade de France, Ufaransa dhidi ya Croatia. Katika bao la kwanza anampokonya Boban mpira karibu na boksi, anapeana na Djorkaeff, anarudishiwa, anafunga. La pili anapiga kwa mguu wa kushoto, ambao si mguu wake, na mpira unajipinda hadi kona ya mbali. Halafu anapiga magoti, kidole mdomoni, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali gumu. Video inaishia hapo.

Thuram aliichezea Ufaransa mechi 142. Hakuna mwanamume aliyekuwa ameichezea zaidi mpaka Hugo Lloris alipompita mwaka 2022. Katika mechi hizo zote alifunga mabao mawili tu, na ni hayo ya usiku huo mmoja. Kwa hivyo video hizi zimetupa mechi 141, na ile moja waliyobakisha wameikata ikabaki dakika chache. Ni kama mtu akuambie amekisoma kitabu, kumbe alisoma maneno ya nyuma ya jalada.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma vitabu vya Thuram, manake beki huyu alistaafu akawa mwandishi. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba huwezi kuvihakiki vitabu vyake bila kuhakiki jinsi tunavyotazama mpira. Ni tatizo moja.

Nina sababu yangu binafsi pia. Shuleni nilikuwa namba mbili. Baba alikuja kunitazama mara moja tu, kwenye mechi ya mchujo, uwanja wa vumbi usio na nyasi hata za kuchungia mbuzi. Winga wa wale jamaa alikuwa anajulikana mitaa yote ya karibu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumkaba. Mechi iliisha 0-0. Tukiwa tunatembea kuelekea steji Baba akaniuliza, "Sasa, ulifunga?" Nikamwambia hapana. Akanipiga kofi dogo la mgongoni, la kunipa pole. Pole ya nini, sikuelewa. Nilikuwa nimecheza mechi bora zaidi ya maisha yangu.

Turudi kwenye video. Kasoro yake ni kwamba inaanza kwa kuchelewa. Dakika moja kabla ya bao la kwanza la Thuram, Davor Šuker alikuwa ameifungia Croatia. Asanović alimpenyezea pasi, na ukisimamisha picha wakati mpira unaondoka utaona kwa nini Šuker hakuwa ameotea. Mabeki wengine wamepanda mbele, mmoja amebaki nyuma. Ndiye Thuram. Kosa ni lake.

Kwangu hiyo ndiyo sekunde ya kuisoma kwa makini. Mshambulizi akipoteza nafasi tano na kufunga ya sita, anabebwa begani. Beki akizima hatari tano na kuteleza ya sita, anaulizwa alikuwa wapi. Hesabu zao zinafanywa kinyume. Thuram alipokimbia mbele dakika iliyofuata, nadhani hakuwa anatafuta utukufu. Alikuwa analipa deni, na bao la pili likawa riba. Ukiondoa kosa, kama video zinavyofanya, unabaki na hadithi ya shujaa aliyeshuka kutoka mbinguni. Ukilirudisha, unapata hadithi ya mtu. Mimi naipenda hii ya pili.

Lakini hata hadithi hiyo bado ni ya mabao. Kazi yake hasa ilifanyika kwingine. Alianza kwa wakubwa Monaco, chini ya Arsène Wenger, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mechi yake ya kwanza ya taifa ilikuwa Agosti 1994 dhidi ya Jamhuri ya Cheki, na usiku huo huo kulikuwa na mgeni mwingine aliyeingia kama mchezaji wa akiba, Zinedine Zidane. Zidane akafunga mawili, mechi ikaisha 2-2. Sasa sema ukweli: kati ya wale wageni wawili, ungemkumbuka nani?

Mwaka 1996 akahamia Parma. Italia ya wakati huo ilikuwa nchi ambayo kukaba kulihesabiwa kuwa ufundi, na mtu angeweza kusifiwa kwa pale alipochagua kusimama. Nyuma yake alikuwa golikipa kijana, Gianluigi Buffon, na kando yake Fabio Cannavaro. Mwaka 1999 walichukua Kombe la UEFA kule Moscow kwa kuichapa Marseille 3-0. Mwaka 2001 yeye na Buffon wakaenda Juventus, wakachukua ligi mwaka 2002 na 2003. Walimaliza kileleni tena 2005 na 2006, lakini mataji hayo mawili yalifutwa kwa kashfa ya viongozi wa klabu na waamuzi, na Juventus ikashushwa daraja. Thuram, akiwa na miaka 34, akaenda Barcelona. Alikaa misimu miwili. Mwaka 2008 alikuwa njiani kujiunga na Paris Saint-Germain, vipimo vikaonyesha tatizo la moyo, akaacha mpira.

Hakuwahi kucheza Uingereza, na nadhani ndiyo maana wasee wa rika langu Nairobi hawamjui vizuri. Sisi tulilelewa na Ligi Kuu ya Uingereza kwenye vibanda vya mpira, na mtu ambaye hakupita kule ni kama hakupita popote. Lakini hata tukirudi kwa wetu, Joseph Okumu wa Kisumu amecheza kama beki Uswidi, Ubelgiji na Ufaransa. Jaribu kuulizia jina lake kwenye kibanda, kisha uulizie la Michael Olunga. Utasikia tofauti ya kelele.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Kombe la Dunia la 2006. Thuram alikuwa ameacha timu ya taifa baada ya Euro 2004, akarudi pamoja na Zidane mwaka 2005. Kule Ujerumani akacheza katikati ya ulinzi. Robo fainali walikutana na Brazil ya Ronaldo na Ronaldinho. Nusu fainali, Ureno ya Figo na Cristiano Ronaldo aliyekuwa bado kijana. Zote ziliisha 1-0. Kila mtu anakumbuka bao la Henry na penalti ya Zidane, na baadaye kile kichwa alichompiga Materazzi kwenye fainali. Ile sifuri iliyoko upande wa pili wa matokeo, mara mbili mfululizo, haina video. Utaionyeshaje? Ni picha ya kitu ambacho hakikutokea.

Hapa ndipo vitabu vinapoingia. Thuram alizaliwa Guadeloupe mwaka 1972. Mama yake alitangulia Ufaransa kutafuta riziki, akafanya kazi ya usafi, kisha akawaleta watoto wake watano. Lilian alikuwa na miaka tisa. Ameeleza mara nyingi kwamba darasani wenzake walimpachika jina la ng'ombe mweusi wa katuni, ng'ombe mjinga. Anasema hapo ndipo alipojua kwamba yeye ni mweusi. Guadeloupe hakuwa ameambiwa.

Kitabu chake cha mwaka 2010, *Mes étoiles noires*, yaani nyota zangu nyeusi, ni jibu kwa darasa lile. Kinaanza na Lucy, yale mabaki ya kale yaliyofukuliwa Ethiopia, na kuishia na Barack Obama, ambaye sisi huku tunamwita mtoto wa Kogelo bila kumwomba ruhusa. Katikati kuna kina Toussaint Louverture, Pushkin, Rosa Parks. Nilivisoma vitabu vyake kwa tafsiri ya Kiingereza, kwenye simu, ndani ya matatu, na hiki nilikimaliza haraka. Nilifurahi kama unavyofurahi timu yako inapofunga.

Halafu nikaanza kuwa na wasiwasi. Kitabu hiki ni zile video. Kila sura inaleta nyota, nyota anafunga, tunashangilia, tunaenda kwa mwingine. Naelewa kwa nini: mtoto aliyeitwa ng'ombe anahitaji orodha ya kujibia, na walimu wanahitaji kitu cha kusoma darasani. Lakini hoja iliyojificha ndani yake ni hatari kidogo. Inakaribia kusema tunastahili heshima kwa sababu miongoni mwetu kuna waliofunga. Na wale ambao hawakufunga? Huyo mama aliyeamka alfajiri kusafisha ofisi za watu ili watoto watano wale, sura yake iko wapi? Beki, kati ya watu wote, alitarajiwa kuliona hilo.

Na nadhani aliliona. Mwaka 2011 alisimamia maonyesho katika jumba la makumbusho la Quai Branly, Paris, kuhusu enzi ambapo watu wa makoloni waliwekwa uani kama wanyama ili Wazungu walipe kuwatazama. Mwaka 1931 mmoja wa mababu wa Christian Karembeu alikuwa kati ya Wakanaki waliopelekwa Ufaransa kwa kazi hiyo. Karembeu alianza katika ile nusu fainali ya 1998. Yaani ndani ya uwanja mmoja, maelfu ya watu wakitazama, alikimbia mtu ambaye babu zake walitazamwa kwa njia nyingine kabisa. Ghafla swali si nani nyota. Swali ni nani anatazama, na nani alipanga viti.

Swali hilo ndilo linalobeba kitabu cha mwaka 2020, *La pensée blanche*, kuhusu fikra ya weupe. Si kitabu kizuri kila ukurasa. Kinarudia hoja, na kuna sehemu nilihisi niko kwenye semina ya wafadhili, nikasubiri chai. Pia ni lazima nitaje kwamba mwaka 2019, aliposema kuhusu ubaguzi kwenye viwanja vya Italia kwamba Wazungu hujiona bora, alishutumiwa kwa kuwaweka watu wote kapu moja. Kitabuni anajitahidi kueleza kwamba anazungumzia fikra iliyojengwa na historia na faida zake, wala si rangi ya ngozi. Wakati mwingine anafaulu, wakati mwingine sentensi inamponyoka.

Hata hivyo naona ndicho kitabu chake bora, kwa sababu kimeandikwa na beki. Hakimtazami mwenye mpira. Kinautazama mstari. Nani aliuchora, nani amesimama mbele yake, nani hata hajui upo kwa sababu haujawahi kumzuia. Hoja yake kuu ni kwamba mtu mweusi huambiwa tangu utotoni yeye ni nani, wakati mtu mweupe anaweza kufikia uzee bila kuulizwa weupe ni nini. Hiyo ni akili ya mtu aliyetumia miaka kumi na minane akiangalia nafasi ambazo wengine hawazioni.

Mwanawe Marcus, aliyepewa jina hilo kwa heshima ya Marcus Garvey, amekuwa mshambulizi. Mei 2020, baada ya George Floyd kuuawa, Marcus aliifungia Borussia Mönchengladbach kisha akapiga goti moja. Picha ilizunguka dunia kabla ya jioni. Baba yake amekuwa akisema mambo hayo kwa miaka, kwa vitabu na kwa taasisi aliyoianzisha mwaka 2008. Simlaumu kijana, alifanya vyema. Nasema tu kwamba hata haki tunaisikia haraka zaidi ikitoka kwa aliyefunga.

Wiki iliyopita niliitazama ile nusu fainali upya, nzima, na nikajilazimisha nisiufuate mpira. Nilimtazama jezi namba 15 peke yake. Ni kazi ngumu, macho yanakataa. Unamwona anageuza shingo, anarudi hatua mbili, ananyoosha mkono, anasubiri. Dakika nyingi zinapita hivyo. Usiku ule nilikuwa nimebeti mara nyingi maishani kwa wafungaji, sijawahi kuweka hata shilingi kwa mtu wa kusubiri.

Nilipomaliza nilimpigia Baba. Nilimkumbusha ule uwanja wa vumbi, na yule winga. Alikuwa anamkumbuka winga, hata jina. "Alikuwa moto yule kijana," akasema. "Lakini siku ile sijui alikuwa na shida gani."

Nikamwambia, "Baba, shida ilikuwa mimi."

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka, akaniambia nimweleze vizuri.